Kutoka Chake hadi Banjul: barua za wasomaji kuhusu kupeleka malalamiko ya haki za binadamu nje ya nchi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: mtu amedhulumiwa, amehangaika na mahkama za hapa, sasa anataka kulipeleka shauri lake nje. Tumechagua tisa. Majina ya walioandika tumeyaacha. Na kabla hamjatusahihisha: tunaandika "mahkama" kwa za Zanzibar na "mahakama" kwa za Dar es Salaam na Arusha, kama kila moja inavyojiandika yenyewe.

SUALI: Nasikia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, na Watanzania wengi wameshinda kesi pale. Eka mbili za marehemu baba yetu zimechukuliwa kwa ajili ya barabara bila ya fidia. Ndugu zangu wanataka tuchange nauli. Twende? (Msomaji, Mkoani)

JIBU: Msichange bado. Mtu binafsi hufungua kesi katika mahakama hiyo ikiwa tu nchi yake imeweka tamko chini ya ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoianzisha. Tanzania iliweka tamko lake Machi 2010, ikawasilisha barua ya kuliondoa Novemba 2019, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 22 Novemba 2020, mlango ukafungwa kwa watu binafsi na asasi. Kesi zilizokwisha kufunguliwa ziliendelea kusikilizwa. Ndiyo maana miaka iliyofuata mlikuwa mkisikia hukumu mpya dhidi ya Tanzania na mkadhani njia iko wazi.

Kilichoondolewa ni tamko tu. Katika Itifaki yenyewe Tanzania imebaki. Kwa hiyo ipo njia ya kuzunguka. Unalalamika kwa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Banjul, Gambia, na Kamisheni ikiona shauri linafaa inaweza kulipeleka Arusha kwa jina lake. Uamuzi huo ni wao, si wako. Waogiek wa Kenya walipita huko: malalamiko yalifika Banjul 2009, Kamisheni ikayapeleka Arusha 2012, hukumu ikatoka Mei 2017. Hesabuni miaka.

Arusha kuna mahakama nyingine, na watu huzichanganya kila siku: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ile ya Jumuiya. Hii bado inampokea mkaazi yeyote wa nchi mwanachama chini ya ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya, wala haikuulizi kama umemaliza ngazi za ndani. Lakini ina masharti mawili yanayowaangusha wengi.

La kwanza ni muda. Una miezi miwili tu tangu sheria, amri, uamuzi au kitendo unachokilalamikia kitokee, au tangu siku ulipopata khabari zake. Mahakama haina uwezo wa kukuongezea hata siku moja, na kitengo chake cha rufaa kilishasema mwaka 2012, katika shauri lililotoka Kenya, kwamba hoja ya "dhuluma bado inaendelea" haiuregeshi muda uliopita. La pili ni namna ya kuieleza kesi. Mahakama hii haijapewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu kama somo linalojitegemea. Unachodai ni kwamba nchi imevunja ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba, zinazoitaka ifuate utawala wa sheria na iheshimu haki. Ukiandika "haki yangu ya kumiliki imevunjwa" ukaishia hapo, umewapa upande wa pili pingamizi ya bure.

Basi, ndugu wa Mkoani, suali lenu la kwanza si nauli. Notisi ya kuzichukua eka hizo mliipata lini? Kama miezi miwili haijapita, kaeni na wakili wiki hii. Kama imepita, anzeni hapa hapa. Katiba ya Zanzibar ya 1984, Sura ya Tatu, inakataza mtu kunyang'anywa mali bila ya fidia, na bila ya kulipitisha shauri kwenye mahkama za hapa, Banjul hawatawasikiliza.

SUALI: Nimeambiwa lazima "nimalize ngazi za ndani". Kwa sisi wa Zanzibar ngazi hizo zinaishia wapi? Lazima nifike Mahakama ya Rufani? (Msomaji, Wete)

JIBU: Inategemea shauri lilianzia wapi, na hapa ndipo vitabu vilivyoandikiwa Bara vinapompoteza Mzanzibari.

Jinai na madai ya kawaida yakipanda hufika Mahkama Kuu ya Zanzibar, kisha Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Hiyo ni ya Muungano, na huja kufanya vikao vyake Zanzibar, kwa hiyo usihesabu kila safari kuwa ni ya Dar. Mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahkama ya kadhi ni mbali: hayo huishia Mahkama Kuu ya Zanzibar. Tafsiri ya Katiba ya Zanzibar nayo huishia hapo, na baada ya marekebisho ya katiba ya mwaka 2010, mashauri ya kudai haki za Sura ya Tatu vilevile.

Makosa tunayoyaona ni ya pande mbili. Kuna anayekaa na barua mkononi akingojea Rufani isiyo na mamlaka juu ya shauri lake, miaka inakwenda, na akifika Banjul anaulizwa ulikuwa wapi. Na kuna mwenye uamuzi wa kadhi wa wilaya tu, hakukata rufaa, ameandika "nimemaliza ngazi zote". Wote wawili hukataliwa.

Visivyohesabiwa kuwa ni ngazi: barua kwa sheha, kwa mkuu wa wilaya, kwa Rais, malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hiyo ina faida zake, na ripoti yake ni kielelezo kizuri, ila hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Kinachotakiwa ni njia za kawaida za mahkama. Kwa upande mwengine, si kila kilichoandikwa katika sheria lazima ukijaribu: katika kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, mwaka 2015, Mahakama ya Afrika ilisema kuomba Mahakama ya Rufani ipitie tena hukumu yake yenyewe ni njia isiyo ya kawaida, na mlalamikaji halazimiki kuipita.

Utasamehewa ngazi ikiwa haipo, haifai kitu, au imecheleweshwa kupita kiasi. Lakini husamehewi kwa kusema tu, unasamehewa kwa karatasi. Kila kesi inapoahirishwa, andika tarehe, jina la mahkama, sababu iliyotolewa na nani aliyeomba. Ukurasa mmoja wenye tarehe 19 za kuahirishwa ndani ya miaka minne una uzito kuliko kurasa kumi za manung'uniko. Umasikini peke yake nao hautoshi. Onyesha kwamba uliomba msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya 2018, au ulikwenda Kituo cha Huduma za Sheria, na jibu ulilopewa. Wahenga walisema mali bila ya daftari huisha bila ya khabari. Kesi ndiyo zaidi.

Ukishafika mwisho, usilale. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ndio unaofuatwa Banjul, hautaji idadi ya miezi, unasema "muda wa kuridhisha". Katika shauri la Majuru dhidi ya Zimbabwe, lililoamuliwa 2008, Kamisheni iliona miezi 22 ni mingi mno, ikataja miezi 6 iliyokuwa ikitumika katika mabara mengine kama kipimo. Sisi tunashauri muifanye miezi 6 kuwa ni ukuta.

SUALI: Barua yenyewe inaandikwaje? Mimi naijua kalamu, lakini sijui mtindo wao. (Mwalimu mstaafu, Makunduchi)

JIBU: Mwalimu, mtindo wao ni mkavu, na ukavu huo ndio unaowashinda waandishi wazuri.

Anza na nani analalamika na nani ametendewa. Banjul humpokea hata asiyekuwa mtendewa. Kamati za Umoja wa Mataifa zilizoko Geneva hutaka idhini ya maandishi ya mtendewa, au maelezo kwa nini haikupatikana. Kisha mlalamikiwa: andika Jamhuri ya Muungano ya Tanzania. Hata kama aliyekutenda ni idara ya Serikali ya Mapinduzi, hata kama ni baraza la mji, aliyetia saini mikataba ni Jamhuri ya Muungano na ndiye atakayejibu. Tumeona jalada zuri lililoandikwa dhidi ya wizara ya Zanzibar na likaregeshwa.

Yafuatayo ni matukio. Kila aya ipe nambari. Kila aya iwe na tukio moja, tarehe moja na kielelezo chake. Halafu ibara unazodai zimevunjwa. Katika Mkataba wa Afrika zinazotumika sana ni ya 4 kwa uhai, 5 kwa utu na mateso, 6 kwa uhuru wa mtu, 7 kwa kusikilizwa kwa haki, 9 kwa kutoa maoni, 14 kwa mali. Fuatisha ngazi za ndani: nambari ya kesi, mahkama, tarehe ya hukumu. Tamka wazi kwamba shauri hili hujalipeleka chombo chengine cha kimataifa. Malizia na unachokitaka: kuachiwa, fidia, kubadilishwa kifungu fulani cha sheria. "Naomba haki" haimpi mtu kazi ya kufanya. Kama kuna madhara yasiyorekebishika yanayokuja, mfano nyumba itavunjwa au mtu atanyongwa, omba hatua za dharura na uweke ombi hilo ukurasa wa mwanzo. Kurasa 10 hadi 15 zinatosha bila ya vielelezo.

Matusi yanaua shauri. Ibara ya 56 ya Mkataba inakataza lugha ya kudhalilisha, na mwaka 1997 shauri moja la Cameroon lilikataliwa, miongoni mwa sababu ni kuiita serikali utawala wa watesaji. Andika "askari watatu walinipiga kwa mkanda kituoni, nikalazwa siku nne, fomu ya polisi ya matibabu (PF3) ni kielelezo cha 6", uwaachie wao watafute jina la kitendo hicho. Vilevile usitegemee magazeti peke yake. Kipande cha gazeti kinaruhusiwa kikiwa nyongeza ya ushahidi wako, hakiruhusiwi kikiwa ndio ushahidi wote.

Sasa kwenye tafsiri, maana kazi utaipeleka kwa Kiingereza au Kifaransa na hukumu zako zina Kiswahili ndani. Mfasiri asiyeijua Zanzibar atakuharibia mambo matatu. Saa 3 usiku ataifanya "3 a.m.", yaani saa 9 ya alfajiri kwetu, na wewe katika kiapo umesema ulikamatwa baada ya sala ya Isha. Huo tayari ni mgongano. Chuo cha Mafunzo, yaani gereza la Zanzibar, atakifanya skuli ya ufundi, na msomaji wa Banjul atashangaa kwa nini unalalamika kupelekwa chuoni. La tatu ni majina. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kinasema Khamis, hati ya mashtaka inasema Hamis, cheti cha hospitali kinasema Hamisi, na wewe ni mmoja. Apa kiapo cha jina mapema, kitaje namna zote zilizotumika, ukiweke kuwa kielelezo cha 1.

Nakala za hukumu ziwe zimethibitishwa na karani wa mahkama kwa muhuri. Usipeleke nakala halisi hata siku moja. Anwani ya Kamisheni ni S.L.P. 673, Banjul, hupokea pia kwa barua pepe.

Na baada ya kupokelewa? Utapewa nambari, kisha muda wa kuleta hoja zako za kukubaliwa na za kiini cha shauri. Hapa mashauri mengi hufa kimya kimya: barua pepe ilikuwa ya mpwa aliyekwenda Oman, muda ukapita, shauri likafutwa kwa kutofuatiliwa. Fungua anwani ya shauri peke yake, na neno la siri wawe nalo watu wawili.

SUALI: Mume wangu alifariki, shemeji zangu wakanitoa nyumbani. Polisi waliniambia ni mambo ya kifamilia. Kuna kamati ya wanawake Umoja wa Mataifa, je, itanisikiliza? (Mjane, Kengeja)

JIBU: Pole, bibi. Ipo, na kwa Tanzania iko wazi. Watu hudhani kila mkataba wa Umoja wa Mataifa una kamati ya kumpokea mlalamikaji. Tanzania imeikubali njia hiyo kwa mikataba miwili tu: wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao itifaki yake iliiridhia 2006, na wa watu wenye ulemavu, 2009. Mkataba wa haki za kiraia na kisiasa nchi imo tangu 1976 lakini itifaki ya malalamiko haimo. Mkataba dhidi ya mateso haikuuridhia kabisa.

Kamati ya wanawake imeshaamua shauri la wajane wawili wa Shinyanga dhidi ya Tanzania, wanaojulikana kwa herufi E.S. na S.C. tu. Walinyimwa mirathi kwa mila za Kisukuma. Mahakama ya Bara ilikiri kwamba mila hizo zinabagua ikakataa kuzifuta, na rufaa yao ikaanguka kwa kasoro ya tarehe katika amri. Mwaka 2015 Kamati ikasema nchi imevunja mkataba.

Kwako wewe, mambo mawili. Mlalamikiwa si shemeji zako. Lazima uonyeshe dola ilikosa nini: polisi waliokataa kuandika khabari yako, mahkama iliyokupuuza, au sheria yenyewe. Rudi kituoni, wakikataa tena andika jina la askari na saa. La pili, hoja ya ubaguzi lazima uitaje hapa nyumbani, kwa kadhi na kwenye rufaa Mahkama Kuu, ijapokuwa kwa sentensi mbili. Kamati haipokei hoja ambayo mahkama za ndani hazikupata nafasi ya kuisikia. Kama umedhulumiwa sehemu yako ya mirathi kinyume na sheria ya Kiislamu, dai hilo kwanza: huenda ukalipata kwa kadhi na Geneva usihitaji.

Kwa wenye ulemavu, kamati yao imeamua mashauri matatu ya watu wenye ualbino dhidi ya Tanzania kati ya 2017 na 2019. Watoto wana kamati ya Umoja wa Afrika yenye makao Maseru, Lesotho. Mwaka 2022 ilitoa uamuzi kuhusu wasichana wa Tanzania Bara waliofukuzwa skuli kwa ujauzito.

SUALI: Kijana wetu alichukuliwa na watu wasio na sare siku tisa zilizopita. Kila kituo wanasema hawanaye. Tungojee mahkama ziishe? (Familia, Unguja)

JIBU: Msingojee. Ripotini polisi leo kama hamjafanya, mchukue nambari ya taarifa. Wakili aende Mahkama Kuu kuomba aliyemzuilia aamriwe kumfikisha mbele ya jaji. Na wakati huo huo andikeni Geneva.

Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliopotezwa kwa nguvu hakidai umalize ngazi za ndani wala hakijali mkataba gani nchi imeridhia. Tukio likiwa ndani ya miezi 3 hulishughulikia kwa haraka, kwa kuiandikia serikali moja kwa moja. Wanataka jina kamili, tarehe na saa, mahali, nani alimwona mwisho, nguo alizovaa, alama za mwili, na nambari ya gari hata kama ni nusu yake. Anayeandika asiyekuwa wa familia awe na idhini ya familia.

Akijulikana alipo lakini hafikishwi mahkamani, chombo ni chengine: Kikundi Kazi cha watu wanaozuiliwa kiholela, ambacho kwa kawaida huipa serikali siku 60 kujibu. Wataalamu wengine, wa mateso, wa uhuru wa maoni, wa majaji na mawakili, wote huandikiwa kwa fomu moja iliyoko spsubmission.ohchr.org. Weka alama kwenye wataalamu wote wanaohusika. Barua ya pamoja ya wataalamu wanne ina nguvu kuliko ya mmoja. Jueni pia kwamba barua wanayoiandikia serikali huchapishwa baadaye, kwa kawaida baada ya siku 60, kwa hiyo amueni mapema kama jina lionekane.

Fuatilieni bahari. Aliyekamatwa Unguja anaweza kuwa tayari yuko Dar es Salaam. Kesi ya masheikh waliokamatwa hapa wakashtakiwa Bara, hadi mashtaka yalipofutwa Juni 2021, ilionyesha namna suali la mahakama ipi ina mamlaka linavyoweza kula miaka. Maombi yenu yataje pande zote mbili za Muungano.

SUALI: Yaliyotokea Pemba Januari 2001 yanaweza kupelekwa The Hague? (Mzee, Micheweni)

JIBU: Hapana, mzee wetu, na sababu ni tarehe tu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai haigusi uhalifu wa kabla ya tarehe 1 Julai 2002. Tukio la waandamanaji kupigwa risasi, tarehe 26 na 27 Januari 2001, liko nyuma ya mstari huo. Isitoshe, mahakama ile hushtaki watu, haishtaki nchi, na kwa makosa manne tu makubwa kabisa.

Banjul nako "muda wa kuridhisha" umekwisha zamani kwa mtu ambaye kifo chake kinajulikana. Ila ikiwa familia yoyote ina mtu ambaye tangu siku zile hakuonekana hai wala maiti, hilo ni jambo jengine. Kupotezwa huhesabiwa kuwa kosa linaloendelea hadi ijulikane mtu alipo, na Kikundi Kazi tulichokitaja hapo juu hakina kikomo cha miaka kwa familia.

SUALI: Jina langu litatajwa? (Msomaji, Nungwi)

JIBU: Banjul na Geneva lazima wao wakujue, barua isiyo na jina haipokelewi. Unaweza kuomba serikali au umma usilijue. Tofauti ni hii: jina likifichwa kwa serikali, nayo huenda ikasema haiwezi kumchunguza asiyemjua. Mahakama ya Jumuiya ni mahkama ya wazi. Hapo jina lako limo kwenye jalada na kwenye mtandao.

SUALI: Mtu anatutaka shilingi milioni 1 na nusu za "ada ya Geneva". (Kikundi cha wavuvi, Unguja)

JIBU: Msimpe. Banjul na Geneva hawatozi ada ya kufungua malalamiko. Wakili ana haki ya ujira wake, aseme ni ujira wake na aandike risiti.

SUALI: Nikishinda, nani atanilipa? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Usitarajie dalali wa mahkama kubisha hodi wizarani. Kamati za Geneva na Kamisheni ya Banjul hutoa maoni na mapendekezo. Mahakama ya Jumuiya hutoa hukumu inayoifunga nchi, na ikiwa ni ya fedha hukaziwa kwa kufuata taratibu za madai za nchi husika. Mwaka 2020 ilimwamuru Mwanasheria Mkuu wa Kenya amlipe Martha Karua dola 25,000.

Mabadiliko ya sheria ni ya taratibu zaidi. Machi 2019 mahakama hiyo ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Sheria ikarekebishwa 2023, na ni ya Bara, haikuwagusa waandishi wa Zanzibar wenye sheria yao ya magazeti ya 1988. Hukumu ya Mahakama ya Afrika kuhusu mgombea binafsi, katika kesi ya Mtikila ya Juni 2013, ilikuwa bado haijatekelezwa uchaguzi wa 2020 ulipofika.

Anayepata kitu ni anayefuatilia. Kwa Banjul, serikali hupewa siku 180 tangu ijulishwe uamuzi ili ieleze imetekeleza nini. Siku ya 181 waandikie wewe: ukurasa mmoja, nambari ya shauri juu, kilichofanyika, kisichofanyika, na risiti ya barua uliyoipeleka kwa Mwanasheria Mkuu kuomba utekelezaji.